Mgonjwa Anayevuka Maji: Mwongozo Kamili kwa Mtaalamu Mwandamizi wa Fiziotherapia ya Mifupa, Viungo na Misuli Hospitalini Lamu

Mtaalamu wa fiziotherapia anayepandishwa cheo na kuwa mwandamizi wa mifupa, viungo na misuli katika hospitali ya Lamu hugundua mapema kwamba mengi aliyofundishwa chuoni yamejengwa juu ya mgonjwa anayeweza kurudi. Vitabu humpangia mgonjwa wa kiuno vikao viwili kila wiki kwa muda wa wiki sita, kana kwamba baina ya kitanda chake na mlango wa kliniki hakuna kitu ila barabara. Huku kwetu mna bahari katikati, mna nauli ya mashua, mna upepo wa kusi unaochafua maji kwa miezi kadhaa ya mwaka, na mna kutwa nzima ya kazi inayopotea kwa ajili ya nusu saa ya matibabu.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimwandikia mvuvi mmoja wa Kizingitini, mwenye maumivu ya bega, kadi nzuri iliyojaa Jumatatu na Alhamisi. Alirudi baada ya wiki saba, bega limekaza hata kofia hawezi kuivaa kwa mkono ule, akaniwekea kadi mezani na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, hizi Jumatatu na Alhamisi zako mimi nilikuwa baharini." Tangu siku ile nimefanya kazi kwa kanuni moja, nayo ndiyo iliyobeba mwongozo huu wote: kila mgonjwa ahudumiwe kama mtu ambaye huenda hatamwona mtaalamu tena kwa muda mrefu, na aondoke na kila kitu kitakachomfaa mpaka hapo.

Hatua ya kwanza: Kabla ya kushika ofisi

Hakikisha leseni yako i hai. Sheria ya Wanafiziotherapia Namba 20 ya mwaka 2014 ndiyo iliyounda Baraza la Fiziotherapia la Kenya, na leseni ya kufanya kazi hufanywa upya kila mwaka. Mwandamizi huwajibika pia kujua kwamba walio chini yake wana leseni, kwa hiyo kagua zao siku ile ile unayokagua yako.

Kisha tembea chumba chako na kalamu mkononi. Vitu vya lazima ni vichache kuliko wengi wanavyodhani: kitanda cha uchunguzi kinachoweza kubeba mtu mzito, pazia linalofunga kweli, goniomita ya kupimia nyuzi za kiungo, utepe wa kupimia, nyundo ndogo ya kupimia refleksi, saa yenye sekunde, magongo ya urefu mbalimbali, ngazi ya vidato vitatu, na kiti kimoja kisicho na mikono ambacho urefu wake haubadiliki. Mashine ya mawimbi ya sauti na mashine ya umeme wa kutuliza maumivu zikiwapo ni sawa, lakini zikiharibika usifunge kliniki. Nimeona idara zikisimama miezi kwa kungoja fundi, ilhali mikono, macho na ulimi wa mtaalamu havikuhitaji fundi yeyote.

Hatua ya pili: Panga miadi kwa maji, si kwa kalenda peke yake

Hili halimo katika kitabu chochote cha fiziotherapia, na kwa Lamu ndilo linaloamua nani atapona. Mashua zinazotoka Siyu, Faza na Kizingitini hupita mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, ambao kina chake ni kidogo; maji yakipwa, chombo hukwama au hungoja. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Ukizidisha dakika hizo kwa siku saba utapata karibu saa sita, maana yake ni kwamba saa ambayo wiki hii maji yamejaa, wiki ijayo maji yatakuwa yamekupwa. Mgonjwa aliyefika vizuri saa tatu asubuhi Jumanne hii, ukimwandikia saa tatu Jumanne ijayo, umemwandikia kukwama.

Baada ya wiki mbili, maji hurudia karibu saa zile zile. Kwa sababu hiyo, miadi ya wagonjwa wa visiwani ipangwe kwa vipindi vya wiki mbili, au wiki nne, na si kila wiki. Bandika jedwali la maji ukutani kando ya daftari la miadi, na mfunze karani wako kulisoma. Akiwa mtoto wa Lamu, atakufunza wewe. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, zinahitaji uangalifu zaidi kwa mgonjwa mwenye plasta au magongo, kwa kuwa maji yakiwa yamekupwa sana atalazimika kushuka chomboni mbali na gati na kukanyaga matope.

Wagonjwa wa mjini, wa Shela na wa Matondoni wana nafuu ya njia, na hao waweza kuwaona kila wiki. Wa Mpeketoni na Witu huja kwa gari mpaka Mokowe kisha huvuka kwa boti, safari ambayo kwa mwenye kiuno kibaya yatosha kuwa sehemu ya uchunguzi: muulize alikaa vipi garini na alishuka vipi gatini. Katika mwezi wa Ramadhani kliniki ifunguliwe mapema na kazi nzito iwekwe asubuhi, na katika siku za Maulidi usishangae ukibaki na wasaidizi wako.

Hatua ya tatu: Chuja rufaa kila asubuhi

Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, soma barua zote za rufaa mwenyewe. Usimwachie kazi hii mwanagenzi, kwa sababu barua nyingi zina maneno mawili tu, "maumivu ya mgongo", na aliyezoea ndiye ajuaye kuuliza swali lililofichwa nyuma yake. Wagawe katika mafungu matatu. La kwanza ni wale wasiongoje: walioumia karibuni, wenye udhaifu wa mguu au mkono unaozidi, waliotoka kufungwa plasta wakiwa na maumivu makali, na watoto wachanga wenye nyayo zilizopinda. La pili ni wale ambao kuchelewa kutawagharimu, kama bega lililoanza kukaza au mkono uliotolewa plasta wiki hii. La tatu ni maumivu ya muda mrefu yasiyobadilika. Hata hivyo, aliyevuka maji na yuko mlangoni, ahudumiwe leo, awe wa fungu lolote lile.

Hatua ya nne: Sikiliza kabla ya kugusa

Salamu si kupoteza wakati. Mzee anayeingia akapokewa kwa "Shikamoo" au "Sabalkheri", akaulizwa habari za nyumbani kabla ya habari za goti, hukupa katika dakika tano zifuatazo maelezo ambayo asingeyatoa kwa nusu saa ya maswali makavu. Mwite kwa heshima anayoitwa kwao, iwe maalim, nahodha, Bi au mama fulani.

Neno litakalokupa kazi kubwa ni "mshipa". Mgonjwa akisema mshipa umemvuta, huenda anamaanisha msuli, au kano, au mshipa wa fahamu, au mshipa wa damu, na wanaume wengine kwa neno hilo humaanisha ngiri kabisa. Usiandike neno hilo peke yake katika faili. Mwombe akuonyeshe kwa kidole kimoja maumivu yanapoanzia na yanapoishia, kisha akueleze yanavyofanya: yanachoma, yanakata, yanavuta, yanawaka moto, au panakufa ganzi. Maumivu yanayowaka na kushuka kutoka kiunoni mpaka chini ya goti, yakifuatana na ganzi, yana habari tofauti na maumivu yanayotanda kiunoni bila kushuka.

Atakuambia pia kwamba baridi imeingia maungoni. Sioni faida ya kubishana naye juu ya baridi. Uliza tu ni saa ngapi inamshika zaidi. Ukakamavu wa asubuhi unaopungua ndani ya nusu saa mara nyingi ni wa kiungo kilichochakaa, na ule unaodumu saa nzima au zaidi, pamoja na vidole vilivyovimba mikono yote miwili, hukuelekeza kwenye baridi yabisi ya uvimbe, ambayo ni ya daktari kabla ya kuwa yako.

Uliza kazi yake kwa undani. Hamali wa gatini hubeba tofauti na mchimba mawe wa Manda, na fundi wa jahazi anayefanya kazi amechuchumaa siku nzima ana goti tofauti na mama anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Mwombe ataje shughuli tatu ambazo maumivu yamemzuia, na kila moja aipe alama kuanzia 0, kwa maana hawezi kabisa, hadi 10, kwa maana anafanya kama zamani. Andika alama hizo siku ya kwanza. Ndizo zitakazokuambia baadaye kama matibabu yamefaa, maana mgonjwa mwenye adabu akiulizwa "umepata nafuu?" hujibu "alhamdulillahi" hata kama hajapata.

Hatua ya tano: Tafuta dalili za hatari

Hapa ndipo cheo cha uandamizi kinapolipiwa. Mgonjwa wa mjini ukimkosea leo waweza kumrekebisha Ijumaa, lakini wa Kiunga ukimkosea leo atarudi akiwa amepooza, au hatarudi. Kwa hiyo maswali haya hayarukwi kwa mgonjwa yeyote wa mgongo, hata awe ndugu yako na hata foleni iwe imefika uani.

Swali la kwanza ni la haja. Muulize kama mkojo umegoma kutoka au unamtoka bila kujua, kama choo kimebadilika, na kama anahisi ganzi sehemu za siri na pale anapokalia tandiko la punda. Mfano wa tandiko huku kwetu hueleweka mara moja, na hupunguza haya. Ganzi hiyo ikiwapo, hasa pamoja na maumivu ya miguu yote miwili, huenda mishipa ya fahamu iliyo mwishoni mwa uti wa mgongo inabanwa, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Usimfanyie zoezi lolote; simama, mwite daktari, na anza habari za kumvusha.

Swali la pili ni la mwili mzima. Kukonda bila sababu, homa za jioni, jasho la usiku na maumivu yasiyotulia hata akilala hukutaka ufikirie kifua kikuu cha mgongo, ambacho nchini mwetu si hadithi ya vitabuni. Pitisha kidole juu ya pingili moja moja. Palipochomoza kama kibiongo kidogo, na pakigongwa panauma, hapabonyezwi wala kunyooshwa. Mwenye historia ya saratani, mzee aliyeanguka ngazini, na aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu nao wapigwe eksirei kwanza.

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto na kinachomzuia mtu kukisogeza hata kidogo, pamoja na homa, kihesabiwe kuwa na usaha mpaka ithibitishwe vingine, kwa kuwa gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, huliwa ndani ya siku chache. Pwani yetu ina watoto na vijana wengi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, na kijana kama huyo akija na maumivu ya nyonga, fikiria kwamba kichwa cha mfupa wa paja huenda kimekosa damu. Kumlazimisha kunyoosha nyonga ni kumwongezea madhara. Na mtoto yeyote anayelalamikia goti apimwe nyonga pia, kwani maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza gotini, na kwa kijana anayebalehe kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kimyakimya penye gegedu la ukuaji huku sote tunakanda goti.

Plasta ina hatari yake peke yake. Mgonjwa aliyefungwa mkono au mguu akisema maumivu yanazidi badala ya kupungua, na ukimnyoosha vidole taratibu anapiga kelele, usingoje vidole viwe baridi. Shinikizo ndani ya misuli hupanda kabla mapigo ya damu hayajapotea, na saa chache ndizo zinazotenganisha mkono mzima na mkono wa kiwete. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyefungwa vijiti na muunga mifupa kwa kukazwa sana.

Hatua ya sita: Pima, na andika namba

Kwa mwanamke, mtaalamu mwanamke awepo, na kama hayupo, basi awepo mama, dada au mume, na ruhusa iombwe kwa kila hatua ya kufunua. Sehemu nyingi hupimika bila kuvua buibui ukimweleza unachotafuta. Mwandamizi anayepanga zamu bila kulitazama hili hujikuta na wagonjwa wanawake wanaoitikia kila kitu na wasirudi.

Mtazame akitembea kabla hajajua unamtazama, tangu kibarazani mpaka kitini. Kwa mgongo, pima nguvu za kuinua kifundo, za kuinua kidole gumba cha mguu, na za kusimama kwa ncha za vidole, kwa kuwa tatu hizo hukupeleka kwenye mishipa ya fahamu ya pingili ya nne na ya tano za kiuno na ya kwanza ya kitokono. Nguvu ziandikwe kwa kipimo cha 0 hadi 5. Inua mguu ulionyooka taratibu akiwa amelala chali, na kama maumivu yanashuka chini ya goti kabla ya nyuzi 70, andika nyuzi zenyewe.

Kwa kifundo kilichoteguka, kanuni za Ottawa zitakuokolea filamu nyingi za eksirei: aliyeweza kupiga hatua nne, mara tu baada ya kuumia na tena mbele yako, na ambaye hana maumivu ya kubonyezwa katika sentimita 6 za mwisho za ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya kifundo, wala katikati ya unyayo upande wa ndani, wala kwenye shina la mfupa wa kidole cha mwisho upande wa nje, hahitaji picha. Kanuni hizi zafaa kwa aliyeumia karibuni na mwenye akili timamu. Usizitumie kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu, kwani huyo hutembea juu ya mfupa uliovunjika na kukuambia ni uvimbe tu.

Kisha mpime kwa kitu kimoja cha maisha. Mimi hupenda kuhesabu ni mara ngapi anaweza kusimama na kukaa kitini kwa sekunde 30, mikono ikiwa kifuani. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na mgonjwa mwenyewe huikumbuka namba yake akaja nayo siku nyingine kama ya mchezo.

Hatua ya saba: Eleza, kisha toa mazoezi matatu

Maumivu mengi ya kiuno hayana mfupa uliotoka wala diski iliyopasuka inayohitaji kisu, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, lilitilia mkazo elimu na mazoezi. Mgonjwa aelezwe hilo kwa lugha yake. Usimwambie mgongo wake "umeoza" au "umekwisha" kwa sababu ya picha ya eksirei. Maneno hayo hukaa na mtu miaka, na humfanya aogope kuinama kuliko maumivu yenyewe yanavyomfanya.

Mazoezi yawe matatu, si zaidi. Najua wenzangu wanaotoa karatasi yenye michoro kumi na miwili. Nimekuta karatasi hizo zimefungiwa karanga. La kwanza liwe la kulegeza, la pili la kuongeza nguvu, la tatu liwe ile shughuli yenyewe aliyokutajia, iliyopunguzwa uzito. Yale ya kulegeza yafungamanishwe na swala tano, kwa kuwa mgonjwa hatasahau Adhuhuri hata akisahau zoezi. Yale ya nguvu yawe siku tatu kwa wiki, mafungu matatu ya mara 8 hadi 12, na uzito uongezwe pindi mara 12 zinapokuwa rahisi.

Vifaa visitoke hospitalini. Baraza la nyumba ya mawe lina urefu usiobadilika, nalo ni kiti bora cha kujifunza kusimama na kukaa. Pima urefu wake kwa utepe ikiwa waweza kufika, au mwambie apime kwa shubiri. Kidato cha chini cha ngazi chafaa kwa kano ya kisigino, kazi ambayo huhitaji majuma 12 au zaidi, na mgonjwa aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza asije akakata tamaa katika la nne. Tyubu kuukuu ya baiskeli ikikatwa kwa urefu huwa mpira wa mazoezi ya bega, na chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ni uzito wa kilo moja na nusu, bila ubishi wa mizani.

Mpe kanuni ya maumivu kwa maneno yasiyosahaulika: maumivu wakati wa zoezi yakifika 4 kati ya 10 si kosa, mradi kesho asubuhi yasiwe yamezidi ya leo. Yakiwa yamezidi, apunguze nusu, asiache. Kisha akuonyeshe mwenyewe mazoezi yote matatu kabla hajavaa viatu, na aliyemsindikiza naye ayaone. Akikubali, mrekodi kwa simu yake mwenyewe, si yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihusu picha za wagonjwa, na simu ya mtaalamu iliyojaa magoti ya watu ni mzigo usio wa lazima.

Kwa goti, wengi watakuuliza juu ya sujudu. Kukalia visigino kunahitaji goti likunjike zaidi ya nyuzi 140 hivi, na goti lililochakaa sana huenda lisifike huko tena. Mweleze ukweli huo, mfundishe kushuka na kuinuka kwa kushika ukuta au kigoda, na suala la kuswali juu ya kiti mwachie maalim wake. Si kazi yetu kutoa fatwa. Katika Ramadhani, mazoezi ya nguvu yafanywe baada ya kufuturu.

Bega lililokaza lina tabia yake. Huwapata zaidi wenye kisukari, huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na katika miezi yake ya mwanzo yenye maumivu makali kulivuta kwa nguvu hulichokoza. Mwenye bega hilo apimwe sukari kama hajapimwa.

Hatua ya nane: Pita wodini kabla ya kliniki kujaa

Wodi ya mifupa haihitaji maneno mengi hapa, kwa kuwa kazi yake yajulikana, ila mambo mawili husahauliwa. Aliyetundikwa mguu kwa uzito kwa sababu ya paja lililovunjika, aliyeanguka mnazini au kwenye pikipiki ya bara, apimwe kila siku kama anaweza kuinua kifundo, kwa sababu mshipa wa fahamu unaozunguka chini kidogo ya goti upande wa nje hubanwa kwa urahisi na bendeji, na mguu ukianguka huenda usiinuke tena. La pili ni kwamba siku ya kuruhusiwa ianze kufikiriwa siku ya kulazwa. Nyumba za mji wa kale zina ngazi nyembamba za vidato virefu, na mji una vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa ubavu. Mgonjwa asitolewe kwa magongo mpaka awe amepanda na kushuka vidato mbele yako, na amefundishwa kuingia na kutoka chomboni akiwa ameshikwa na watu wawili.

Watoto wenye nyayo zilizopinda ndio wanaovunja kanuni yangu ya wiki mbili. Njia ya Ponseti hutaka plasta ibadilishwe kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita, kisha mara nyingi kano ya kisigino ikatwe kidogo, na baadaye viatu vyenye upau vivaliwe saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu na usiku tu mpaka mtoto afike karibu miaka minne. Familia ya kisiwani iulizwe siku ya kwanza kama ina jamaa mjini wa kukaa kwake wiki hizo. Jamaa hupatikana karibu kila mara. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Hatua ya tisa: Fundisha, na zungumza na wachua

Mwanagenzi asiachwe kukusanya sahihi tu. Mpe mgonjwa mmoja kwa siku, akueleze mwenyewe anadhani ni nini na anaogopa nini, kisha mwingie pamoja. Swali la "unaogopa nini?" limenifunulia mengi zaidi juu ya wanafunzi kuliko mtihani wowote.

Wagonjwa wengi watakuwa wamepita kwa mchua, yaani mkandaji wa mtaani, au wamepigwa chuku, yaani kuumikwa, kabla ya kukufikia. Kuwakaripia kwa hilo ni kuwafundisha kuficha. Mimi nimechagua kuwafahamu wachua wa mtaani na kukubaliana nao mambo machache: mfupa unaoshukiwa kuvunjika usikandwe, mwenye ganzi ya sehemu za siri aletwe siku ile ile, mguu mmoja uliovimba ukauma nyuma ya muundi usichuliwe kwa kuwa huenda damu imeganda ndani, na kijana wa selimundu asipigwe chuku bila daktari kujua. Tangu hapo wawili kati yao hunipigia simu wenyewe.

Hatua ya kumi: Andika, na vusha kwa utaratibu

Faili iandikwe kwa ajili ya mtu asiyekujua, kwa kuwa huyo ndiye atakayemwona mgonjwa mwingine. Andika namba za leo, mazoezi matatu na kiasi chake, kitu gani kikitokea arudi bila kungoja miadi, na maji ya siku aliyopangiwa. Nakala fupi ya hayo ikae kwenye kadi ya mgonjwa.

Rufaa za upasuaji mkubwa huelekea Hospitali Kuu ya Pwani ya Mafunzo na Rufaa, Mombasa. Piga simu kabla hujaandika barua, taja jina la aliyekupokea, na katika barua anza na swali lako badala ya historia: je, mishipa ya fahamu inabanwa, je, mfupa huu unahitaji chuma? Eleza nguvu na hisia ulizozipima na saa ulizozipima, kwani safari ni ndefu na mpokeaji anahitaji kujua kama hali imebadilika njiani. Uliza mapema kama mgonjwa amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya hospitali ya taifa, NHIF, Oktoba 2024, maana familia nyingi hugundua jambo hilo zikiwa zimeshafika dirishani Mombasa. Mgonjwa wa uti wa mgongo avushwe akiwa amelazwa juu ya ubao, kichwa kikielekea tezi, yaani nyuma ya chombo, ambako chombo hakirushwi sana na mawimbi. Barua na filamu zitiwe ndani ya kitu kisichopenya maji, na ziwe mkononi mwa jamaa yake wa karibu, asipewe nahodha. Nahodha atakuwa anashika usukani, na wakati wa kusi kila kilichowekwa wazi chomboni hufika Mokowe kimelowa.